Hopsi nyumbani: Mmea wa bia unaohesabu saa za mchana

Bia nyingi za chupa zinazouzwa duniani zina viungo vinne vya msingi: maji, kimea, hamira na hopsi. Maji yanafahamika. Kimea hutokana na nafaka, mara nyingi shayiri. Hamira ni jamaa wa ile ya maandazi. Kinachobaki ni hopsi, na hicho ndicho wanywaji wengi hawajawahi kukiona kwa macho.

Hopsi ni mmea unaopanda kamba. Unaweza kuoteshwa nyuma ya nyumba, pembeni mwa ukuta au hata kwenye pipa kubwa barazani. Wanaotengeneza bia nyumbani huko Marekani, Uingereza, Ujerumani na Kanada huupanda kwa sababu mzizi mmoja ukishashika hutoa mavuno kwa miaka 20 au zaidi.

Ila una sharti lake. Ukipandwa mahali ambapo mchana si mrefu wa kutosha, mtu anaweza kumwagilia miaka mitatu na kuambulia majani matupu na maua machache. Mbolea haiondoi tatizo hilo. Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kutoa hela ni hili: mchana wa hapo unapokaa una saa ngapi?

Hopsi ni nini hasa?

Jina lake la kisayansi ni Humulus lupulus, na uko katika familia moja na bangi. Hata hivyo, hopsi haina kile kilevi cha bangi.

Mmea una jinsia mbili. Kuna mmea dume na mmea jike, kama ilivyo kwa mipapai. Kinachotakiwa kwenye bia ni maua ya mmea jike, ambayo hukua na kuwa vikoni vya kijani vyenye magamba laini kama karatasi. Ndani ya magamba hayo kuna unga wa manjano unaonata, unaoitwa lupulini. Uchungu na harufu ya bia vyote vimo humo.

Kila mwaka mashina yote ya juu hukauka na kufa, lakini mizizi hubaki hai ardhini. Joto likirudi, mmea huchipua upya. Katika wiki zake za kasi, shina linaweza kurefuka hadi sentimita 30 kwa siku moja, na mmea ukafika mita 5 au 6 kwenda juu.

Kwa nini bia inauhitaji?

Kimea peke yake hutoa kinywaji kitamu kupita kiasi. Hopsi huleta uchungu wa kusawazisha utamu huo, huleta harufu, na pia huzuia baadhi ya bakteria wanaoharibu bia.

Wapishi wa pombe wa Afrika Mashariki wanalijua tatizo hili tangu zamani, ila walilitatua kwa njia yao. Wachaga wanapotengeneza mbege kwa ndizi na ulezi, hutia gome la mti wa msesewe ili kuipa uchungu. Kwa hiyo wazo ni lilelile. Tofauti ni kwamba mbege hunywewa ndani ya siku chache, wakati bia yenye hopsi inaweza kukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika.

Ulaya nayo iliwahi kutumia majani na viungo vingine kabla hopsi haijatawala. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria, Ujerumani, walitoa amri maarufu kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa, kwani kazi yake haikuwa ikifahamika wakati huo.

Mchana mrefu ndio siri yake

Hopsi husoma urefu wa mchana. Mchana ukiwa mrefu, mmea hutumia nguvu zake kurefuka na kutoa matawi. Baada ya siku ndefu kuliko zote za mwaka, mchana unapoanza kufupika, mmea hupata ishara ya kuchanua. Kwa kuwa tayari umeshafika juu ya kamba na kujaa matawi, hutoa vikoni kwa wingi.

Ndiyo sababu maeneo makubwa ya kilimo cha hopsi yako mbali na ikweta. Bonde la Yakima katika jimbo la Washington, Marekani, na eneo la Hallertau huko Bavaria ndiyo yanayoongoza. Mwezi Juni, London hupata zaidi ya saa 16 za mchana, na Toronto zaidi ya saa 15.

Kwa Mswahili anayeishi Toronto, Minneapolis au London, basi, habari ni njema. Hali ya hewa na mwanga wa hapo vinaufaa mmea huu, na ukuta wowote unaopata jua la kutosha unaweza kutumika.

Vipi Nairobi, Arusha au Mbeya?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba baridi ya Limuru, Lushoto au Mbeya inatosha. Baridi ya milimani husaidia mmea usiungue na joto, lakini haiongezi saa za mchana. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, na mchana wake ni takriban saa 12 mwaka mzima. Dar es Salaam tofauti yake ni ndogo pia.

Kwa hopsi, saa 12 ni mchana mfupi. Mmea hupata ishara ya kuchanua ukiwa bado mdogo, hutoa vikoni vichache, kisha hupunguza kasi. Haufi, lakini haulipi.

Kwa miaka mingi iliaminika pia kwamba bila majira ya baridi kali mizizi haiwezi kupumzika na kuchanua vizuri. Mwaka 2019, mtafiti William Bauerle wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa hopsi inaweza kuchanua vizuri bila kupitia kipindi hicho cha baridi. Kumbe kikwazo kikubwa kwenye nchi za joto ni mwanga, na mwanga una dawa.

Afrika Kusini ilikutana na shida hiyo mapema. Hopsi hulimwa karibu na mji wa George, ambako mchana mrefu kabisa ni kama saa 14 na nusu, pungufu kuliko Ulaya. Wakulima walifunga taa mashambani ili kuurefusha mchana. Baadaye wataalamu wakazalisha aina zinazovumilia mchana mfupi zaidi, miongoni mwake Southern Promise, Southern Passion na African Queen. Brazil nako kuna wakulima wanaotumia taa.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayetaka kujaribu, njia ni hiyohiyo: taa za umeme juu ya mimea, zinazowashwa jioni au usiku ili mmea uone mchana mrefu, mpaka utakapofika juu ya kamba. Baada ya hapo taa huzimwa ili uchanue. Kwa mmea mmoja au miwili hiyo ni bili ndogo. Kwa shamba zima ni hesabu nyingine kabisa, na lazima ipigwe kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Jambo la pili ni mbegu yenyewe. Vipande vya mizizi haviingizwi nchini kwenye begi la nguo. Kenya, kibali cha kuingiza mimea hutolewa na KEPHIS. Tanzania, mamlaka inayohusika na afya ya mimea ni TPHPA. Mmea ulioingizwa kimyakimya unaweza kuja na ugonjwa ambao haupo nchini, na ukikamatwa mpakani hutaifishwa.

Kuchagua aina

Si kila hopsi inayosifiwa inaweza kupandwa nyumbani. Baadhi ya aina zenye majina makubwa, kama Citra, zina wamiliki, na mizizi yake haiuzwi kwa watu wa kawaida.

Zilizo huru ni nyingi. Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, hupendwa na wanaoanza kwa sababu ina nguvu, huzaa sana na ina harufu ya machungwa na maua. Fuggle na Goldings ni za Kiingereza, zenye harufu ya udongo na majani. Saaz ya Ucheki na Hallertauer ya Ujerumani hutumika kwenye bia nyepesi za rangi ya dhahabu, ingawa huwa na mavuno madogo.

Mwenye nafasi finyu anaweza kutafuta aina fupi kama First Gold, ambayo haihitaji nguzo ndefu.

Kupanda hatua kwa hatua

Hopsi hupandwa kwa vipande vya shina la ardhini, kama mtu anavyopanda tangawizi. Mbegu za kawaida hazifai, kwa kuwa karibu nusu zitatoa madume na miche haitafanana na mama yake.

1. Wakati: Ulaya na Amerika Kaskazini hupandwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, ardhi inapoacha kuganda.

2. Jua: Sehemu iwe na jua la moja kwa moja kwa saa 6 hadi 8 kwa siku.

3. Udongo: Uwe wenye rutuba, uliochanganywa mboji, na usiotuamisha maji. Udongo wenye pH kati ya 6 na 7.5 unafaa.

4. Shimo: Kipande cha sentimita 10 hadi 15 hulazwa, macho yakitazama juu, na kufukiwa kwa udongo wa takriban sentimita 5.

5. Nafasi: Mimea ya aina moja ipishane kama mita 1. Aina tofauti zipishane mita 1.5 hadi 2, maana mizizi husambaa na baada ya miaka miwili mtu hawezi kujua ipi ni ipi.

6. Pipa: Anayepanda kwenye chombo atafute chenye ujazo wa lita 50 au zaidi, chenye matundu chini.

Kamba na matunzo

Mmea unahitaji kitu cha kupanda: nguzo, ukuta wenye misumari mirefu au paa la banda. Kamba ya katani au ya nazi ndiyo bora, kwa sababu ni kavu na mbaya kuishika, hivyo vinyweleo vya shina hupata pa kung'ang'ania. Kamba ya nailoni inateleza.

Machipukizi yatatoka mengi. Huchaguliwa mawili au matatu yenye nguvu kwa kila kamba, mengine hukatwa. Ubelgiji, machipukizi hayo huliwa kama mboga na bei yake si ya mchezo. Yaliyochaguliwa huzungushiwa kamba kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Ukiyazungusha kinyume, yatajifungua yenyewe.

Mwaka wa kwanza mizizi bado iko juujuu, kwa hiyo maji kidogo mara kwa mara ni bora kuliko mafuriko ya mara moja kwa wiki. Matandazo ya nyasi husaidia kutunza unyevu. Mmea ukikomaa hunywa maji mengi, na pia hupenda samadi iliyooza na mbolea yenye naitrojeni mwanzoni mwa msimu.

Mavuno ya mwaka wa kwanza huwa kiganja tu, na hilo ni jambo la kawaida. Mmea unajenga mizizi. Mavuno kamili huja mwaka wa tatu, ambapo mmea mmoja wenye afya unaweza kutoa nusu kilo hadi kilo moja ya hopsi kavu.

Maadui wakubwa

Magonjwa mawili husumbua zaidi: ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Yote mawili hupenda majani yaliyosongamana na hewa isiyopita. Kinga yake ni rahisi. Mmea ukishapanda vya kutosha, majani ya chini hukatwa hadi usawa wa kama mita 1 kutoka ardhini, na maji humwagwa kwenye shina, si juu ya majani.

Wadudu wa kuangaliwa ni vidukari na utitiri mwekundu, ambao hujificha chini ya jani. Maji ya bomba yenye presha huwapunguza wakiwa bado wachache. Dawa kali zinapaswa kuepukwa vikoni vikishatoka, kwa kuwa vitaenda moja kwa moja kwenye sufuria.

Kuvuna: siku chache tu

Ulaya na Amerika Kaskazini mavuno huangukia kati ya katikati ya Agosti na Septemba. Afrika Kusini ni Februari na Machi.

Kikoni kibichi ni kizito na ukikiminya hubaki kimebonyea. Kilichoiva ni chepesi, kina mlio kama wa karatasi, na hurudi umbo lake kikiachiwa. Ukikipasua, unga wa ndani una rangi ya manjano iliyokolea na harufu kali. Vikianza kuwa kahawia kote na kunuka kama kitunguu saumu, vimepitiliza.

Anayevuna avae shati la mikono mirefu na glavu. Shina lina vinyweleo kama ndoano ndogo na huacha mikwaruzo inayowasha.

Hopsi mbichi ina maji hadi asilimia 80. Bila kukaushwa huota ukungu ndani ya muda mfupi. Hutandazwa juu ya wavu wa dirisha, kwenye chumba chenye giza, na feni ikipuliza kwa siku mbili au tatu. Joto lisizidi nyuzi 60 za Selsiasi, kwa sababu harufu hupotea. Kipimo cha kuaminika ni kijiti cha katikati ya kikoni: kikipinda bado, kikivunjika tayari.

Kisha hufungwa kwenye mfuko uliotolewa hewa na kuwekwa kwenye friza. Hewa, joto na mwanga huigeuza harufu yake ikawa kama ya jibini lililooza.

Uchungu usio na kipimo

Hopsi ya dukani huandikwa kiwango cha asidi za alfa, ambazo ndizo chanzo cha uchungu. Cascade, kwa mfano, huwa kati ya asilimia 4.5 na 7. Hopsi ya nyumbani haina lebo, na kiwango hubadilika kila mwaka kulingana na jua, maji na siku ya kuvuna. Anayebahatisha anaweza kupata lita 20 za bia isiyonyweka.

Suluhisho la watengenezaji wengi ni kugawa kazi. Uchungu hutoka kwenye hopsi ya kununua, inayowekwa mwanzoni na kuchemka kwa dakika 60. Hopsi ya nyumbani huwekwa dakika 5 hadi 10 za mwisho, au moto ukishazimwa. Wakati huo huchangia zaidi harufu, na uchungu wake ni mdogo, hivyo makosa ya kipimo hayaharibu bia.

Kwa lita 20, gramu 30 hadi 60 za hopsi kavu hutosha bia nyingi. Anayetaka kutumia hopsi mbichi moja kwa moja toka mtini huweka uzito mara nne hadi sita, ndani ya siku moja au mbili baada ya kuvuna.

Bia ikishawekwa kwenye chupa, ikae gizani na chupa ziwe za kahawia. Mwanga wa jua hubadilisha kemikali za hopsi na kuipa bia harufu mbaya.

Mbwa, watoto na sheria

Hopsi ni sumu kwa mbwa, iwe mbichi au ile iliyochemshwa na kutupwa. Mbwa akiila, joto la mwili linaweza kupanda ghafla na akafa. Mabaki ya sufuria yafukiwe au yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko, na mbwa aliyekula apelekwe kwa daktari wa mifugo haraka.

Pipa linalochachuka na chupa za bia zikae mbali na watoto.

Kuhusu sheria, kupanda mmea na kutengeneza bia ni mambo mawili tofauti. Uingereza iliondoa hitaji la leseni kwa bia ya matumizi ya nyumbani mwaka 1963. Marekani, sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 inaruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, sawa na lita 379 hivi, na galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Si za kuuza. Kenya ina sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, inayotaka leseni kwa anayetengeneza au kuuza pombe. Kila mtu aulize kwanza mahali alipo.

Kabla ya kununua mzizi

Mambo manne yanatosha kuamua. Je, mchana wa majira ya joto unafika saa 15 au zaidi, au kuna umeme wa kuwasha taa? Kuna mita 4 hadi 6 za kwenda juu, au pa kupanda aina fupi? Mizizi inapatikana kihalali? Na mwenye nyumba atakuwepo hapo miaka mitatu ijayo?

Majibu yakiwa ndiyo, mmea mmoja au miwili inatosha kuanzia. Nusu kilo ya hopsi kavu kwa mwaka, kwa gramu 50 kila pishi, ni mapishi kumi ya lita 20. Jibu likiwa hapana kwenye swali la mwanga na taa, ni nafuu kununua hopsi iliyokaushwa, na bustani ikabaki na mazao yanayoridhika na saa 12 za mchana.